Nusu Nyingine Baada ya Kusoma

Ukifika mtaani kwetu ukamuulizia shangazi yangu kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazunguka mpaka soli za viatu zikuage. Muulizie Mama Nusu, na hata mtoto anayejifunza kusimama atakunyooshea kidole kwenye mlango wenyewe. Jina hilo hakuliokota. Shangazi ni msusi, na kwa miaka mingi saluni yake ilikuwa na sheria moja tu. Anakusuka upande mmoja wa kichwa, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, anafunga mstari wa mwisho, halafu anaweka kitana chini, anafuta mafuta mikononi na kukuwekea kitabu mapajani.

"Nusu nyingine baada ya kusoma," anasema.

Sasa utakwenda wapi? Upande mmoja mistari imelala kama shamba lililopaliliwa, upande wa pili nywele zimesimama zimekasirika. Mwanamke wa namna hiyo hawezi hata kwenda dukani kununua kiberiti. Atasoma tu. Na kama hajui kusoma, aliyekaa benchi jirani atamwonyesha herufi mbili tatu, kesho naye atamwonyesha mwingine. Nimewahi kukaa kwenye mikutano nikasikia watu wenye tai wakijadili mbinu za kuwavuta wanawake kwenye elimu mpaka chai ikapoa. Shangazi aliwavuta kwa nywele, na chai yake ilikuwa bado ya moto.

Jambo moja niliseme mapema, maana hadithi hii haina maana bila hilo. Shangazi mwenyewe alikuwa hajui kusoma. Alitolewa shuleni angali anajifunza herufi, ili amlee mdogo wake, kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mdogo huyo ndiye baba yangu. Baba alisoma mpaka akawa karani mwenye meza yake na kalamu mbili mfukoni. Kwa hiyo mtu akitusifu kwamba ukoo wetu umesoma, mimi huona haya kidogo, kwa kuwa najua tulibebwa mgongoni mwa nani.

Wateja hawakulijua hilo. Wao waliamini Mama Nusu amemeza maktaba, kwa jinsi alivyokuwa akiwasahihisha. Siri ilikuwa rahisi. Saluni ilikuwa na kitabu kimoja, kitabu cha watoto kisicho na jalada, chenye hadithi ya mkulima aliyepoteza jembe akawashuku majirani wote, kumbe jembe lilikuwa begani kwake. Shangazi alikisikia kikisomwa kila siku, mpaka akakihifadhi chote pamoja na mahali pa kuvuta pumzi. Msomaji akikutana na neno gumu akaliruka, hapo hapo anaguswa kichwani kwa ncha ya kitana.

"Umeruka jembe. Rudi."

Usemi ule ukawa wa saluni nzima. Umeingia bila salamu? Umeruka jembe. Umemsimulia shoga yako ugomvi lakini umeficha kwamba ni wewe uliyeanza? Umeruka jembe, mama, rudi nyuma.

Mimi nilipelekwa pale baada ya kumaliza shule na kukaa nyumbani bila kazi, mpaka mama alipochoka kuniona kwenye kochi. "Nenda kwa shangazi yako," aliniambia, "angalau vidole navyo vifanye kazi, maana mdomo wako haujawahi kupumzika." Saluni ilikuwa chumba kimoja, kati ya fundi viatu na mashine ya kusaga. Kulikuwa na vigoda viwili, benchi, kioo chenye ufa ulioanzia kona hadi kona, na sufuria ya maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele zisifumuke. Mashine ikianza kuunguruma, msomaji alipaza sauti, na hadithi ya jembe ilisikika mpaka barabarani.

Siku moja muuza mkaa alikuja amefura kumchukua mkewe. "Kusuka gani huku kwa kutwa nzima? Watoto hawajala!"

"Mchukue, baba," Shangazi akamjibu kwa upole. "Si huyo hapo."

Mkewe akageuza kichwa taratibu. Muuza mkaa akaitazama ile nusu, akatazama barabara iliyojaa watu wanaomfahamu, akaketi benchi. "Basi namsubiri," akasema. Mke akaendelea kusoma kwa kukokota, na hadithi ilipofika kwa jirani wa tatu, mume akashindwa kuvumilia: "Enhe, na huyu naye akasemaje?" Jioni walitoka wote wawili, mama amependeza, baba anabishana kwamba yeye angelijua jembe liko begani tangu mwanzo.

Lakini sheria ile haikuanza kwa kicheko. Ilianza kabla sijafika, na Shangazi alinisimulia mwenyewe, bila kujipendelea. Muuza mboga mmoja alipewa zahanati chupa mbili kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa akikohoa, moja ya kunywa na moja ya kupaka kifuani. Alipofika nyumbani akachanganyikiwa ipi ni ipi, akaja nazo saluni. Chupa zikapita mkono kwa mkono, kila mwanamke akaziangalia, akazigeuza, akampa mwenzake. Zilipomfikia Shangazi akazinusa. "Hii yenye harufu kali ndiyo dawa yenyewe," akasema. "Mpe hiyo anywe."

Mtoto alilazwa. Alipona, Mungu mkubwa, lakini sauti yake ilibaki ya kukwaruza hadi leo, na leo ni dereva wa lori mwenye watoto wake. Muuza mboga hakumlaumu mtu. Shangazi alijilaumu kwa niaba ya wote. Mtoto alipotoka tu hospitali, mteja wa kwanza aliyekaa kigodani alisukwa nusu, na kitana kikawekwa chini.

Katika wote waliopita pale, hakuna aliyefundisha wenzake vizuri kama Sindano. Alikuwa binti wa fundi viatu, jirani yetu, mwembamba kama jina lake, mwanafunzi wa sekondari. Akitoka shule alikuja saluni na sare yake, anakaa sakafuni miguuni pa kina mama, anawaonyesha herufi kwa kidole kwenye vumbi la unga lililotoka mashineni. Hakuwacheka. Mwanamke mwenye wajukuu akikosea, Sindano alimwambia, "Hata mimi hapo palinisumbua, Bibi," jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu.

Halafu Sindano akapata ujauzito. Aliyempa alihama mtaa kabla tumbo halijaonekana, na sitampotezea wino. Shule ikamwambia akae nyumbani. Alipojifungua mtoto wa kike, baba yake hakumfukuza wala kumpiga. Alifanya kibaya zaidi, alimnunulia nyundo ndogo na kumkalisha pembeni yake agonge visigino.

"Maji yakimwagika hayazoleki," fundi viatu alimwambia Shangazi.

"Hayazoleki, ndiyo. Unachota mengine. Bomba si lipo?"

Tangu siku hiyo Shangazi hakuwa na lingine. Alitaka Sindano arudi darasani, basi. Alijua binti akizoea ile nyundo, hatoki tena pale. Nyundo ilikuwa ikigonga ukutani kwetu mchana kutwa, ko, ko, ko, na kila ikigonga Shangazi alikaza mstari wa mteja mpaka mteja akalia. Alimwendea Mwalimu Mkuu ofisini, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, aliyeijenga shule ile tangu ikiwa na mabanda mawili, na aliogopa kitu kimoja: wazazi kuwaondoa mabinti zao. "Nikimrudisha mmoja," alisema, "wataniambia nafuga uzazi. Nitabaki na madawati."

Ikafika wiki ya wageni shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa apokee wakubwa Jumamosi asubuhi, na Ijumaa mchana, msusi wake akiwa mgonjwa, akaingia kwetu. Shangazi akamfutia kigoda. Akamkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha, akaanza kazi. Mistari ile ilikuwa myembamba na imenyooka, sijawahi kuona mizuri kama hiyo. Mwalimu alikuwa na kitabu chake mwenyewe, akawa anasoma kimya. Katikati akakiinua juu ya bega. "Miwani yangu ina mafuta. Hebu nisomee mstari huu."

"Mikono yangu nayo ina mafuta, Mwalimu," Shangazi akajibu haraka.

Mwalimu Mkuu akakishusha kitabu. Shangazi akamaliza nusu, akafunga mstari, akaweka kitana chini. Nikaenda kuchukua kile kitabu cha jembe. Shangazi akanizuia kwa mkono.

"Huyu anajua kusoma," akasema. "Mwalimu, nusu nyingine ni ya Sindano. Sema anarudi shule, nakumalizia."

Mashine ya kusaga, sijui ni bahati gani, ilikuwa imezimwa. Ukutani nyundo ilikuwa inagonga.

Mwalimu Mkuu akainuka polepole. Akatoa kitambaa mkobani, akajifunga kichwa chote, upande uliosukwa na upande uliosimama. Mlangoni akageuka, na hakupaza sauti.

"Mama Nusu, mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Visingizio vyote vya asiyejua kusoma nimeshavisikia, na cha mikono yenye mafuta ni kimojawapo. Unawakalisha wenzako na nusu kichwa mpaka wasome. Wewe nani alikukalisha?"

Akatoka. Wateja wakamtazama Shangazi. Nyundo ilikuwa imekoma, na Sindano alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, amesikia kila kitu. Shangazi akaokota kitana, akamwita anayefuata, akamsuka twende kilioni, mistari minne ya haraka haraka, kichwa kizima, bila kitabu. Nilijua hapo kwamba mambo yameharibika.

Asubuhi alinigongea dirisha. "Chukua mafuta na sufuria. Nimefanya upumbavu," akasema. "Wale wengine wanapokaa, nusu yangu inawapa kitu. Yule nilimnyang'anya. Twende nikamrudishie kichwa chake." Akapita kwa fundi viatu akamchukua Sindano atusaidie kutenga nywele, maana muda ulikuwa mfupi, na Sindano akaja na mtoto wake kwa sababu hakuwa na pa kumwacha.

Tulimkuta Mwalimu Mkuu ofisini, amevaa gauni jipya la rangi ya maziwa, anajaribu kufumua mistari mbele ya kioo cha dirisha. Alikuwa amefika katikati ya kukata tamaa.

"Sikuja kuomba kitu," Shangazi akasema pale pale mlangoni. "Nimekuja kumaliza kazi. Nisamehe."

Mwalimu akatutazama sote wanne, pamoja na yule aliyekuwa mgongoni. "Ingieni. Fungeni mlango."

Sasa, kusuka kuna jambo moja ambalo wanaume hawalijui na wanawake hulisahau: hakuna namna ya kukasirikiana na mtu ambaye kichwa chako kiko magotini mwake. Mwanzoni ofisi ilikuwa kimya. Shangazi anasuka, mimi nachovya ncha, Sindano anatenga nywele na kunyoosha mkono. Halafu mtoto akaanza kulia, na mikono ya Sindano ilikuwa imejaa.

"Nipe huyo," Mwalimu Mkuu akasema kwa ukali, kama anayenyang'anya mwanafunzi pipi. Akampakata. Mtoto akanyamaza. Kukawa tena kimya, na nadhani kimya ndicho kilichomshinda, kwa sababu mwalimu akiwa na mwanafunzi mbele yake hawezi kukaa tu. Akamuuliza Sindano swali la hesabu. Sindano akajibu bila kuacha kutenga nywele. Akamuuliza jingine, la mito na mvua. Akajibu. La tatu akakosea, akasahihishwa, akabisha.

"Unabisha?"

"Nabisha, Mwalimu. Ulitufundisha hivyo hivyo wewe mwenyewe, kabla sijaondoka."

Mwalimu Mkuu akafikiri. "Kweli," akasema. "Nilifundisha vibaya." Na kichwa kikatikisika magotini mwa Shangazi, kwa sababu alikuwa anacheka.

Tulipochovya ncha ya mwisho, magari ya wageni yalikuwa yanaingia getini. Mwalimu Mkuu akajitazama kwenye dirisha, pande zote mbili. "Jumatatu aje na sare," akasema.

"Mwalimu, sikuja kwa hilo," Shangazi akamwambia.

"Najua. Ungekuja kwa hilo ningekufukuza. Wazazi nitawakabili mimi. Na huyu je? Mchana atakaa na nani?" Akamwinua mtoto, na hapo sote tukaona kwamba mtoto alikuwa ameshatoa maoni yake juu ya gauni la rangi ya maziwa. Wakubwa walipokelewa siku ile na mwanamke aliyesukwa vizuri kuliko wote mjini, aliyeshikilia faili mbele ya tumbo kuanzia salamu mpaka kwaheri.

Mtoto alikaa na sisi. Tukatandika mkeka nyuma ya pazia. Baada ya Sindano, Mwalimu alimrudisha binti mwingine, halafu wengine, na mkeka ukawa chumba, na chumba kikapata bibi wa kuwaangalia, yule yule mwenye wajukuu aliyefundishwa na Sindano kwenye vumbi la unga. Wazazi walinung'unika, wachache wakaondoa mabinti, wengi wakawarudisha. Madawati hayakubaki matupu. Miaka ikapita, na siku moja wakaja watu wa ofisini wakampa Shangazi cheti ndani ya fremu. Walipiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka. "Kinasemaje?" akaniuliza. Nikamsomea mimi. Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani.

Kwa sababu swali la Mwalimu Mkuu lilikuwa bado linaning'inia mle ndani, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuligusa. Nani alimkalisha yeye? Baba yangu alimletea vitambaa vya nguo na sukari kila mwisho wa mwaka. Kitabu hakumletea. Nami sikumletea.

Sasa vidole vya Shangazi vimevimba viungo, hawezi kusuka tena. Sindano ni mwalimu katika shule ile ile, na mwanawe ameshampita urefu. Jumapili moja alikuja na kitana chake, akamkalisha Shangazi kwenye kigoda chake mwenyewe, akamsuka mvi zake upande mmoja. Alipofunga mstari wa mwisho akaweka kitana chini.

"Nusu nyingine baada ya kusoma, Shangazi."

Jamani! Nimeona moto wa jiko la mkaa ukirukia pazia, lakini sijaona moto kama ule. "Wewe mtoto huna adabu! Nimekulelea mwana, leo unanifanyia mzaha?" Akainuka, akajifunga kitambaa, akatufukuza wote. Na alikaa hivyo, nusu imesukwa na nusu imesimama, wiki nzima. Alikwenda sokoni na nusu. Alikwenda kumjulia hali mgonjwa na nusu. Nilimwambia Sindano kwamba amekosea, huyu ni mtu mzima, mwache.

Jumapili iliyofuata Sindano akarudi. Hakuleta kitabu. "Nimekuja kumaliza kazi," akasema. "Nisamehe." Akamsuka nusu iliyobaki, akachovya ncha, akafuta mikono, akachukua mkoba aondoke.

Shangazi akajishika kichwa, upande huu na upande ule. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayegombana, "Haya, kiko wapi hicho kitabu? Na usiniletee cha jembe. Kile ninakijua."

Alijifunza kwa miezi, kila Jumapili nusu kwa nusu, analalamika kuliko wanafunzi wote waliowahi kupita pale. Na wiki iliyopita nilikuwepo. Upande mmoja ulikuwa tayari. Sindano alisahau kitabu, akatazama huku na huku, akachukua chupa ya dawa ya viungo iliyokuwa dirishani akamwekea mapajani. Shangazi akaisogeza kwenye mwanga, kidole kikavu kikafuata maandishi.

"Da-wa ya ku-pa-ka," akasoma. Kidole kikasimama, kikavuka. "We-ka mba-li na wa-to-to."

"Shangazi," Sindano akasema taratibu, "umeruka jembe."

Kidole kikarudi nyuma. Midomo ilicheza kwanza bila sauti. "I-si-nywe-we."

Akalirudia neno hilo zima, bila kulikata. Akaigeuza ile chupa, akaigeuza tena, kama zilivyogeuzwa zile mbili siku ile, mkono kwa mkono.

"Kumbe ilikuwa imeandikwa," akasema. "Pale pale kwenye chupa."

Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Sindano akachukua kitana, akaanza nusu iliyobaki.